Mpwa wangu, zima hicho kitufe

Juzi mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Mtwara. "Shikamoo mjomba. Chuo cha huko kwenu kimenikubali, naanza muziki Oktoba. Sasa hii miezi iliyobaki nijiandae vipi?" Niliusikiliza ndani ya tramu hapa Leipzig, saa tatu usiku na jua bado lipo, watu wamevaa kaptura. Huku ndiyo kiangazi. Kwetu sasa ni kipupwe, kusi inavuma, na kila mwenye mikorosho yuko shambani anapuliza salfa.

Nami miezi yangu ya mwisho kabla ya chuo niliimaliza hukohuko kwenye salfa. Alfajiri, kabla upepo haujachachamaa, nilikuwa shambani na kaka zangu. Jioni nilikwenda parokiani kufanya mazoezi, vidole bado vinanuka. Nilijiona niko tayari kabisa. Nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya tangu kidato cha pili, na ukinipa karatasi ya sol-fa, zile noti za do-re-mi, nilikuimbia sauti zote nne papo hapo.

Kilichoniponza ni kitufe. Waliopiga vinanda vya kanisani wameshanielewa. Karatasi inasema Doh, noti ya kwanza ya ngazi, ni A flati. Wewe unashusha transpozi, kile kitufe kinachohamisha sauti ya kinanda kizima, mara nne, halafu unapiga vibao vyeupe vilevile vya jana na juzi. Kwaya inaimba, padre anafurahi, hakuna anayejua. Miaka sita vidole vyangu vilikaa kwenye C, kinanda ndicho kilichokuwa kinahama.

Wiki ya kwanza chuoni mwalimu wa piano, mama mmoja mpole sana, aliniomba nimpigie wimbo wowote wa nyumbani. Nikapiga, akaupenda. Akasema vizuri, sasa uhamishie kwenye A flati. Haki ya Mungu, mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe ukaenda pembeni kutafuta kitufe. Piano lina vibao 88, halina hata taa ya kuwaka. Nikabaki nimeinua mkono kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

Kwa hiyo, mwanangu, zima transpozi, ikibidi ukibandike plasta hicho kitufe. Chagua nyimbo tatu tu, zile unazoweza kuimba usingizini. Leo Doh iwe F, kesho E flati, keshokutwa B, mpaka noti zote 12 zikuzoee. Koo lako linahamisha Doh bila kufikiri, na nimekuta wenzangu wengi huku hawawezi hilo. Wafundishe vidole wanachojua koo. Uzito wa vibao vya piano usikutishe, utauzoea hukuhuku.

Na ujue mapema kwamba B yetu hapa inaitwa H, na B flati ndiyo B. Ndiyo maana jina la Bach, aliyesimamia muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas hapa mjini kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, linapigika kwenye kinanda herufi kwa herufi. Mimi nililijua hilo baada ya kupoteza maksi.

Lililoniuma zaidi, lakini, ni imla. Mwalimu anapiga mdundo, nyie mnaandika. Alipopiga tatu juu ya mbili, mkono mmoja mapigo matatu huku mwingine mawili kwa muda uleule, nilicheka moyoni: haya si nimelala nayo utotoni, vinganga, zile ngoma ndogo, vinakazwa kwa moto wa nyasi nyuma ya nyumba ya bibi kule Newala? Nikaandika chapuchapu, nikakusanya wa kwanza. Karatasi ikarudi nyekundu tupu. Mapigo yote yalikuwepo, ila pigo la kwanza nililiweka pale mguu wa mchezaji unapokanyaga, na yeye alikuwa anahesabia kwingine. Nilibisha wiki nzima. Mpaka leo naamini mguu ulikuwa na haki yake, ila mtihani ni wake.

Basi watoto wakitoka jandoni, nenda na simu urekodi ngoma, ile ya uwanjani. Ya ndani hairekodiwi, hilo huhitaji kuambiwa na mjomba. Umeme ukikatika usiku, na utakatika hata kama gesi inatoka hapo Mnazi Bay, washa kibatari uiandike mara mbili: mara moja ukihesabia mguu, mara moja ukihesabia kinganga.

Mambo ya viza muulize mama yako, yeye ndiye aliyenihangaikia zangu.

Leo asubuhi kajibu. Parokia imemwazima kinanda akae nacho nyumbani. Kanitumia dakika moja ya wimbo wa sadaka, Doh ni A flati, vidole vinajikwaa, vinarudi, vinajikwaa tena palepale kwenye D flati. Kwa nyuma namsikia mama yangu, sauti ya jikoni: "Nani huyo anawaharibia watu wimbo wao?"