T'Challa wa Karatasi, wa Filamu na wa Rafuni

Wengi wa marafiki zangu walimfahamu T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, aitwaye pia Black Panther, mwezi wa Februari 2018, filamu ya Black Panther ilipofika kwenye majumba ya sinema, na wengi wao hawajamtafuta mahali pengine tangu wakati huo. Siwalaumu, kwa sababu filamu ile inajitosheleza: ina mfalme kijana, ina siri ya baba, ina ndugu aliyetelekezwa ugenini akarudi kudai haki yake, na mtu aliyekulia kwenye ngano na tenzi za kwetu huyaelewa mambo hayo papo hapo. Hata hivyo, raha kubwa ya ushabiki huu mimi nimeipata katika kurudi nyuma, kutoka kwenye filamu hadi kwenye vitabu vya katuni vilivyoizaa, na kutoka huko hadi kwenye sanamu ndogo zilizosimama rafuni mwangu, nikifuatilia nani aliongeza nini na lini. Wakanda imepitia mikono mingi, na kila mkono umeacha alama unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby wa kampuni ya katuni ya Marvel, katika toleo la 52 la gazeti la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, ambalo bei yake jaladani ilikuwa senti 12 za Marekani. Hadithi yenyewe inashangaza hata leo. T'Challa anawaalika mashujaa wanne wa Marekani nchini mwake, kisha anaanza kuwawinda mmoja baada ya mwingine, tena karibu awashinde wote, kwa kuwa anataka kujipima nguvu kabla ya kumkabili muuaji wa baba yake. Ninachokipenda zaidi ni msitu ambamo mawindo hayo yanafanyika: matawi yake ni nyaya, maua yake ni vitufe na mitambo ya kupimia, na majabali yake yananguruma kama injini za kompyuta. Kumbuka kwamba wakati huo Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru, na picha za Afrika zilizozoeleka katika magazeti ya watoto wa Ulaya na Marekani zilikuwa za vichaka na vyungu vinavyochemka. Kirby, ambaye nyumbani kwake kulikuwa New York, alichora Mwafrika anayewazidi wageni wake kwa elimu na kwa mitambo. Kila niufunguapo ukurasa ule, hata katika nakala ya kuchapwa upya, huutazama kwa muda mrefu kabla ya kuendelea.

Lakini anayetaka kujua mizizi halisi ya filamu sharti afike mwaka 1973. Mwaka huo Don McGregor alipewa kuandika hadithi za T'Challa katika gazeti la Jungle Action, ambalo matoleo yake ya mwanzo yalichapa upya hadithi za miaka ya 1950 za mashujaa wa Kizungu wanaotamba katika mwitu wa Afrika. McGregor alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo katika biashara ile: aliihamishia hadithi yote Wakanda, na kwa kuwa nchi hiyo ni ya watu weusi, karibu wahusika wake wote wakawa weusi, wema kwa wabaya, wakulima, walinzi, wake na watoto. Katika toleo la 6 anaingia Erik Killmonger, adui wa T'Challa, na katika toleo hilohilo anamnyanyua mfalme na kumtupa kutoka juu ya maporomoko ya maji. Mtu aliyeiona filamu atashtuka kwa kuitambua sehemu hiyo, kwani miaka 45 baadaye Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu, aliirudisha karibu kama ilivyokuwa, maji yakishuka na watu wa Wakanda wakitazama. Michoro ilianzwa na Rich Buckler, ikapitia kwa Gil Kane, kisha Billy Graham, mmoja wa wachoraji wachache weusi waliofanya kazi Marvel enzi hizo, akaibeba kwa muda mrefu zaidi. Graham huzipanga kurasa kama mtu anayejenga nyumba: mara mwili wa T'Challa wenyewe unakuwa nguzo inayotenganisha picha moja na nyingine, mara kichwa cha hadithi kimechongwa kwenye mwamba au kimejificha ndani ya maji. Maandishi ya McGregor ni mengi, pengine mengi mno kwa msomaji wa leo, lakini yana uchungu wa kweli, na katika kazi zote zilizoandikwa kuhusu Wakanda mimi hii naiweka mbele.

Mengine yalikuja baadaye. Christopher Priest alianza kuandika mwaka 1998, naye ndiye aliyetuletea Dora Milaje, wale wanawake walinzi wa mfalme, pamoja na majina ya Okoye na Nakia. Shuri, dada wa T'Challa, alizaliwa mwaka 2005 mikononi mwa Reginald Hudlin na John Romita Jr., na mwaka 2018 Nnedi Okorafor akampa mfululizo wake mwenyewe. M'Baku, mpinzani wa T'Challa, ni wa mwaka 1969, na kwenye katuni za zamani alipewa jina la kumfananisha na nyani, jina ambalo watengenezaji wa filamu waliliacha kabisa, na walifanya vyema sana. Ukilijua hilo, kila sauti ya Winston Duke, aliyemwigiza, akiunguruma kwenye kiti chake cha enzi milimani huisikia kwa namna nyingine.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo macho yetu ya pekee katika jambo hili. Kwenye ramani za Marvel, Wakanda imewekwa upande wetu, jirani na Ziwa Turkana, ilhali lugha inayosemwa kwenye filamu ni Kixhosa, ambayo John Kani aliingia nayo alipoigiza T'Chaka, baba wa T'Challa, mwaka 2016. Mavazi aliyoyabuni Ruth E. Carter, yaliyompa tuzo ya Oscar mwaka 2019, yamekusanya bara zima: wekundu na shanga za Wamaasai, pete za shingo za Wandebele, blanketi za Lesotho mabegani mwa walinzi wa mpaka. Lupita Nyong'o ni wetu, Florence Kasumba alizaliwa Kampala, na wazazi wa Daniel Kaluuya wanatoka Uganda. Wapo wanaonung'unika kwamba mchanganyiko huo hauna kwao. Mimi naona nchi ya kubuni ina haki ya kuchagua, mradi aliyechagua ameitazama kila shanga kwa heshima, na Carter aliitazama.

Heshima hiyo unaiona vizuri zaidi ukiishika sanamu mkononi. Katika mfululizo wa Marvel Legends wa mwaka 2018, sanamu zenye urefu wa sentimita 15 hivi, Okoye hakuuzwa peke yake. Viungo vyake viligawanywa katika maboksi ya wenzake, huku mguu, kule mkono, kwingine kiwiliwili, hata katika boksi la Namor, mhusika mwingine wa Marvel, ambaye mwaka ule hakuwamo kwenye filamu. Kwa sababu hiyo, sisi mashabiki wa mji mmoja tulilazimika kujuana. Mwenye viungo viwili vya mkono wa kushoto alimtafuta mwenye kichwa cha ziada, na urafiki kadhaa nilionao leo ulianzia katika mabadilishano hayo. Okoye wangu amekamilika sasa, na ukimsogeza karibu na dirisha utaona jambo ambalo kwenye filamu hupita haraka: madini ya mavazi yake ni ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa yeye ni jenerali, wakati walinzi walio chini yake wamevaa fedha.

Karatasi ni kazi ngumu zaidi kuitunza, hasa kwetu Mombasa. Hewa ya bahari huzitia kutu pini za katikati, unyevu hukunja majalada, na mende hupenda gundi kuliko wapendavyo sukari. Kila kitabu cha zamani nilicho nacho kimo ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na ubao wa karatasi isiyo na asidi, vyote vimesimama wima ndani ya sanduku lisilofikiwa na jua, na vifuko vya kunyonya unyevu hubadilishwa kabla ya masika. Wapo wakusanyaji wanaovipeleka vitabu vyao kupimwa ubora kwa alama hadi 10 na kufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki moja kwa moja. Naelewa sababu yao, kwani bei hupanda, ila kitabu kisichoweza kufunguliwa siwezi kukitamani. Katika gazeti la mwaka 1973 nataka kuona vidoti vya rangi, matangazo ya biashara, na kurasa za barua ambamo wasomaji wa wakati ule walibishana na McGregor kwa maneno marefu kama yake.

Mpwa wangu, ambaye sasa ameipenda Wakanda kupitia Shuri, aliniuliza hivi karibuni, "Mjomba, nianzie wapi?" Nilimpa kwanza mfululizo wa Okorafor, kwa kuwa ndio ulio karibu na anachokijua. Akimaliza atapata wa Priest, ambao una mzaha mwingi na siasa nyingi na ambao huruka mbele na nyuma katika wakati, kwa hiyo itampasa asome kwa utulivu. Jungle Action nitampa mwisho, kitabu kilichokusanya matoleo yote pamoja, na nimemwomba asiitazame filamu tena mpaka atakapofika kwenye yale maporomoko.