Namwachia Furukombe Anga

Ndege anayeruka anahitaji pa kwenda. Hilo hunijia kila nikitazama picha za furukombe, yule tai mla samaki, zinazopigwa Ziwa Naivasha. Nyingi zimebanwa hadi ncha za mabawa zinakaribia kugusa kingo za fremu. Unaweza kuhesabu manyoya, jicho linang'aa, kazi ya mtu mwenye ustadi kabisa. Ila ndege mwenyewe amefungiwa.

Mimi namwachia anga. Akielekea kushoto, namweka upande wa kulia, na nafasi ya mbele ya mdomo wake huwa kubwa kuliko ile iliyobaki nyuma ya mkia. Macho ya mtazamaji hufuata anakoelekea ndege. Yakigonga ukingo mapema, mwendo wote unakufa.

Jumamosi tuliingia majini saa kumi jioni. Asubuhi Naivasha huwa shwari na mwanga wake ni laini, ndiyo maana wengi huipendelea, lakini jua huchomoza upande wa Longonot. Nilitaka mlima ule wa mita 2,776 uonekane nyuma ya ndege ukiwa umeangazwa, si kivuli cheusi, kwa hiyo ilibidi jua liwe mgongoni kwangu. Bei yake ni upepo. Alasiri ziwa huchafuka, boti huyumba, na lenzi ndefu haikubali kutulia mkononi. Nikapandisha kasi ya shata, kile kipazia cha kamera, hadi 1/2500 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nayo ikapanda. Afadhali picha yenye chembechembe kuliko jicho lililofifia.

Lakini upepo huohuo una msaada wake. Ndege wakubwa hupaa wakiukabili, basi ukishajua unakovumia umeshajua watakakoelekea, na unaipanga fremu kabla bawa halijafunguka. Nahodha alizima injini karibu na migunga iliyokauka, ile iliyobaki imesimama majini tangu ziwa lilipofurika. Kwenye tawi la juu walitua furukombe wawili, na jike ulimtambua mara moja kwa ukubwa wake.

Nahodha akauliza kama atupe samaki. Huo ndio mtindo wa pale: mluzi unapigwa, samaki anarushwa, ndege anashuka. Nikamwomba tusubiri. Samaki akitupwa jirani na boti, ndege huja kichwa kimeinama na nyuma yake ni maji matupu, picha ileile ya kila mgeni. Isitoshe, roho yangu haitulii kumwita ndege kwa chambo ili nipate picha.

Furukombe hutoa ishara kabla ya kuruka. Huinama mbele, hubana manyoya mwilini, na mara nyingi huinua mkia na kutoa kinyesi. Ukiona hivyo, kidole kiwe kitufeni. Kichwa na kifua chake ni vyeupe pee ilhali mabawa ni meusi, kwa hiyo nilikuwa nimeshapunguza mwanga mapema. Kamera ikipima mwanga kwa kufuata weusi wa mabawa, weupe wa kichwa huungua, na hakuna programu ya kompyuta itakayourudisha.

Jike akainua mkia, akapaa.

Katika picha ninayoipenda, hajazi hata sehemu ya kumi ya fremu. Mabawa yako juu kabisa, hivyo kivuli chake hakijafika usoni, na kwenye jicho kuna nukta ya jua. Mbele yake kuna anga pana, chini vigogo vya migunga, kwa mbali Longonot wenye rangi ya kutu. Rafiki yangu ameshauri niikate ili ndege awe mkubwa. Nimekataa. Nitaichapisha nzima, kwenye karatasi kubwa.

Safari ijayo namtaka mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe, anayesimama hewani akipigapiga mabawa huku anaangalia maji. Yeye haendi mbele, anaanguka wima kama jiwe. Nadhani nafasi yake nitaiweka chini ya mdomo, na fremu niigeuze isimame.