Barua ya Kliniki Niliyoitoa Bila Kuulizwa

Ninatunza mafaili ya wafanyakazi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa Njiro. Madereva, wapishi wa kambi, mafundi wa gereji, karatasi zao zote ziko kwenye kabati moja la chuma nyuma ya kiti changu, na ufunguo ninao mimi. Haya nawaandikia wenzangu wanaoshika ufunguo kama huo.

Masika ya 2024 alikuja askari kanzu. Mgeni wetu alikuwa amelalamika kwamba kaibiwa kamera safarini, na mpelelezi alitaka kujua dereva alikuwa nani na usiku ule gari lililala wapi. Maswali mawili tu. Nikampigia bosi, naye akasema, "Wape kila kitu, hatuna cha kuficha." Nikatoa faili zima, nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikazituma WhatsApp kwenye namba niliyotajiwa. Mkataba, namba ya NIDA, akaunti ya benki, barua ya mdhamini, majina ya watoto. Katikati ya hizo, barua ya zamani ya kliniki iliyosema dereva yuko kwenye dozi ya kifua kikuu. Kitambulisho cha yule afande sikukiona. Sikukiomba.

Dereva hakuwa mtuhumiwa. Aliandika maelezo kama shahidi, akarudi kazini, na habari ya kamera ikaishia kwa watu wengine kabisa.

Gereji yetu ina beseni la vikombe vya plastiki vya chai ya saa nne, na kila mtu huchukua kinachomjia mkononi. Wiki kama tatu baadaye nikaona kikombe kimoja cha bluu kimewekwa peke yake dirishani, kimepakwa rangi nyekundu kwenye mkono. Nikauliza ni cha nani. Fundi mmoja akaangalia chini, akasema, "Cha mzee." Mzee alikuwa ameshamaliza dozi yake ya miezi 6 mwaka uliotangulia, na hakuwa wa kumwambukiza mtu. Habari ilipita kwenye simu ya nani sikuwahi kujua, ila ilianzia kwenye yangu.

Alikuja ofisini jioni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Binti yangu, ile barua nilikupa wewe mkononi. Sikuipa ofisi." Nililia mbele yake, na sioni aibu kusema.

Nilitaka kuitisha kikao niwaeleze watu ukweli kuhusu ugonjwa ule. Akakataa, akasema nikitaja tena nitakuwa nimemtangaza mara ya pili. Alikuwa na haki. Nikatoa vikombe vyote vya zamani, nikanunua vipya 20 vya rangi moja.

Halafu nikaenda kwa wakili, kwa sababu siku zote niliamini polisi akiomba huwezi kusema neno. Alinieleza taratibu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa mwajiri moja kwa moja, na habari za afya inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Polisi nao hawakufungwa mikono: uchunguzi wa kosa ni sababu halali ya kutoa taarifa, wanaweza kumwita mtu kwa maandishi, na hati ya upekuzi inaweza kutolewa hata na mkuu wa kituo, si mahakama peke yake. Kwa hiyo kuwazuia si kazi yangu. Kazi yangu ni kujibu kilichoulizwa na kuishia hapo. Barua ya kliniki haikuulizwa na mtu yeyote, niliitoa mimi.

Nikaandika barua kituoni kuomba ukurasa ule uondolewe kwenye jalada kwa kuwa hauhusiani na kesi. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu mpelelezi akanirudishia nakala aliyokuwa ameichapisha, akafuta picha kwenye simu yake nikiona. Nilimshukuru, ingawa kikombe kilishapakwa rangi.

Kabati nalipanga tofauti siku hizi. Karatasi za hospitali ziko kwenye bahasha zilizofungwa, droo ya chini, mbali na mikataba. Bosi alibisha, akaona namwekea urasimu, mpaka nilipomuuliza kama faili lake naye nilitume hivyo hivyo.

Januari walikuja tena, safari hii kuhusu mpishi. Nikamkaribisha afande kiti, nikaomba kitambulisho, namba ya jalada la kesi, na barua ya kituo inayosema wanataka nini hasa. Mikono ilikuwa inanitetemeka mezani, sitaficha. Hakukasirika. Alirudi mchana na barua yenye mhuri: wanataka tarehe alizokuwa kazini wiki mbili za Desemba. Nikatoa nakala ya kurasa mbili za daftari la mahudhurio, majina ya wengine nimeyaziba kwa karatasi, nikaandika kwenye rejista nimempa nani, nini, saa ngapi, naye akasaini. Barua haikukataza mpishi kujua, nami nikamwambia siku hiyo hiyo.

Mzee bado yuko nasi. Sheria ya kazi inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, mradi alete cheti cha daktari. Hazitumii. Akiumwa anakata kwenye siku zake 28 za likizo ya mwaka, na karatasi ya hospitali hajaniletea tena.