Constance kaninyima usingizi

Jana nimelala saa nane usiku jamani, nilikuwa namsoma Constance Baker Motley, yule mwanasheria mweusi wa Marekani, simu haikutoka mkononi. Kesi 10 kasimama Mahakama ya Juu, kashinda 9! Akaingia siasa za New York, 1964 seneta wa jimbo, mwaka uliofuata mkuu wa Manhattan, sehemu ya jiji la New York, 1966 Rais Johnson akamteua jaji wa shirikisho, mwanamke mweusi wa kwanza kabisa. Ila kilichonigusa ni hukumu yake ya 1978, waandishi wa kike wakapata haki ya kuingia vyumba vya wachezaji vya kubadilishia nguo Yankee Stadium, uwanja wa besiboli wa New York, sawa na wanaume. Mimi naripoti mpira, nishafungiwa mlango hivyohivyo huku wenzangu wa kiume wanapita, aisee nililia.