Buibui wa Halloween juu ya paa: magoti juu, kamba imara

Ukitengeneza buibui mkubwa wa kupamba paa kwa Halloween, sherehe ya mapambo ya kutisha ya Oktoba 31, adui wako ni upepo. Tumbo la mita 1.2 likivikwa turubai linakuwa tanga, na kamba zitavutwa usiku kucha. Livike wavu mweusi wa kivuli, ule wa bustani, juu ya seng'enge ya kuku iliyofungwa kwenye pete za bomba. Hewa inapita, na aliye barabarani haoni tofauti.

Kosa la pili ni la umbo. Miguu yote minane hutoka kipande cha mbele; tumboni hautoki hata mmoja. Magoti nayo lazima yapande juu kuliko mgongo, la sivyo anaonekana kaa. Kwa mguu wa mita 3, kata bomba la PVC la milimita 25 vipande vya sentimita 90, 120 na 90, uviunge kwa elbo mbili za nyuzi 45. Jumla ni mita 24 za bomba na elbo 16. Usigandishe kwa gundi: inashika upesi, na elbo ikikaa upande kidogo tu, mguu mzima unalala. Panga mguu sakafuni, chora mstari wa kalamu unaovuka kila kiungo, kisha piga skrubu moja kila upande wa elbo. Sherehe ikiisha unafungua na kuhifadhi.

Miguu ifungwe kwenye kipande cha mbele, yaani plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 60, kila mmoja kwa klipu mbili. Hapa tumia bolti, washa (pete bapa ya chuma) na nati, kwa sababu skrubu hung'oka mguu ukitikisika. Nenepesha miguu kwa sponji nyeusi za kufunikia mabomba. Ukitumia stairofomu, lile povu jeupe jepesi la kufungashia vifaa, ipake rangi ya maji. Rangi nyingi za kupuliza huiyeyusha.

Paa lisitobolewe, maana kila tundu ni mlango wa mvua. Pitisha kamba mbili za poliesta zinazomshika buibui juu ya kofia ya paa, uzifunge upande wa pili kwenye nguzo au mti. Nailoni hurefuka ikilowa. Mfereji wa maji wa paa haukuundwa kuvutwa, usifunge kitu hapo. Kamba inapogusa ukingo wa paa, ivishe kipande cha mpira wa maji, la sivyo itasagika.

Macho ni taa za LED za volti 12, transfoma ikae ndani. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia nyumbani, maji yadondokee hapo.

Pandeni wawili, paa likiwa kavu, mbali na nyaya za umeme. Ngazi ivuke ukingo kwa mita moja, na kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Pandisheni plaiwudi kwanza, halafu tumbo, miguu mwisho. Kichwa kielekee chini: akitazama juu, wapita njia wataona tumbo tupu. Kabla ya kukaza kamba, mmoja ashuke akamtazame kutoka barabarani, kisha mkazie tena kesho yake, kwani mafundo mapya hulegea.