Gobori la Babu, Rivolva ya Phoenix

Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani alikuwa akinikaribisha tangu nihamie Arizona: "Siku moja twende tukapige shabaha." Nilikubali Januari 2016, msimu ambao jua la Phoenix linavumilika. Akanipitia alfajiri, tukaenda Ben Avery, uwanja wa shabaha ulioko kaskazini mwa jiji.

Alipofungua kasha lake niliinama kutazama. Mtutu wa pembe nane, shaba inayong'aa kuzunguka kifyatulio, na juu ya silinda peupe, hakuna chuma kilichopita. Ilikuwa nakala ya rivolva ya Colt ya 1851, iliyotengenezwa Italia na kampuni ya Uberti. Colt ya asili ilikuwa gobori la mkononi hasa: kila tundu la silinda unalimiminia baruti, unashindilia risasi, unavisha fataki nyuma. Hii ilikuwa imegeuzwa, inakula risasi za ganda.

Mzee alipenda kueleza, nami nilipenda kusikia. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya Rollin White, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Smith & Wesson, iliwazuia wengine Marekani kutoboa silinda kutoka nyuma hadi mbele ili risasi ya ganda iingie kwa nyuma, mpaka 1869. Ilipokwisha muda, Colt walikuwa na vipande tele vya bastola za zamani. Hawakuvitupa. Walivigeuza, kwa mitindo ya Charles Richards na William Mason. Mshindilio uliokuwa chini ya mtutu ukatolewa, pakawekwa kijiti cha kusukumia nje maganda.

Aliposema mshindilio, nilimwona babu. Huko Sikonge, Tanzania, alikuwa na gobori, na mimi ndiye niliyemshikia pembe ya baruti. Alishindilia polepole, akisikiliza mlio wa ufito mpaka abadilike uso, akajua imekaa. Hakuna aliyeruhusiwa kusema wakati huo.

Na mzee naye hakutaka maneno. Tia moja, ruka tundu, tia nne, vuta nyundo hadi mwisho, ishushe taratibu ikae juu ya tundu tupu. Risasi tano, wala si sita. Maganda alikuwa amejijazia mwenyewe nyumbani, kwa baruti nyeusi.

Nikavuta nyundo kwa dole gumba. Mfuo wa kulengea umechongwa kwenye nyundo yenyewe, kwa hiyo hauonekani mpaka uivute. Nikafyatua. Haikunipiga mkono kama nilivyoogopa. Ilinisukuma tu, kisha moshi mweupe ukafunika kila kitu. Kabla sijaona kitu nikasikia bamba la chuma likilia: ting! Harufu ilikuwa ileile ya Sikonge. Nilisimama ndani ya moshi ule, sikutaka upepo uje.

Tulipiga hadi saa tano, ganda moja moja likisukumwa nje kwa kijiti, bila haraka. Nimewahi kushika bastola za kisasa na sikuona raha hii.

Nyumbani kwake tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni. Maji yalitoka meusi kama wino. Hivyohivyo babu alivyoosha lake, kisha mafuta.

Usiku nikampigia mama, kumuuliza gobori liliishia wapi. Akasema lilisalimishwa serikalini, mimi nikiwa bado shule. Akanyamaza kidogo.

"Wewe ulilenga lakini?"

"Nne kati ya tano, mama."

"Ndivyo alivyokuwa babu yako," akasema, akaanza kunihadithia habari za nguruwe pori.