Mama aligawa vitu vyake kwa mdomo wake mwenyewe

Kwetu Tanga, na nadhani sehemu nyingi tu, vitu vya mtu mzima haviguswi mpaka azikwe. Inasubiriwa arobaini ipite, linatandikwa jamvi, sanduku linafunguliwa, huyu anapewa kanga yule anapewa shuka, na kama kuna ugomvi ndo unaanzia hapo. Mama yangu hakutaka hivo. Yeye aligawa akiwa hai, mkono mmoja haufanyi kazi, maneno yanamtoka kwa taabu, na kila nikisikia watoto wa baba mmoja mama mmoja hawasemeshani kwa sababu ya kabati la marehemu naikumbuka ile siku.

Ilikuwa 2016, mwezi wa saba, Idd imeshapita. Kabla ya Ramadhani mama alipigwa kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Alikuwa anakaa peke yake kwenye nyumba yetu Ngamiani, kule kwenye barabara za namba, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko la nje na mnazi. Tulimtafutia binti wa kumsaidia akakaa kidogo akaondoka, tukatafuta mwingine naye hivohivo. Kliniki yake ikawa Dar, mazoezi ya viungo Dar, na mi ndo niko Dar, Tabata, tumepanga vyumba viwili na sebule. Mume wangu akasema mama aje, watoto watalala sebuleni, basi, hakukuwa na kikao kingine.

Hesabu ikawa hivi: nyumba ya Tanga ipangishwe, kodi inunue dawa na imlipe mtu wa mazoezi. Chumba kimoja tu kifungwe kibaki cha mama, ili siku akitaka kuja kwao awe na pa kufikia. Maana yake vitu vya nyumba nzima, vya miaka na miaka, viingie kwenye chumba kimoja cha Tanga na kona moja ya chumba cha Tabata, na vilivobaki viondoke.

Mi nilifikiri tutafanya sisi watoto usiku mama akiwa amelala, kumpunguzia machungu. Mdogo wetu wa mwisho ambaye yuko hapohapo Tanga naye alikuwa na mpango huohuo. Mama akatusikia tunanong'ona uani, akaita. Akasema vitu vyote viletwe ukumbini, kimoja kimoja, viwekwe mbele yake, yeye atasema kinaenda kwa nani, na mtu asiombe. Alisema kwa vipande vipande, neno, anapumzika, neno, lakini "asiombe" alirudia mara mbili.

Kesho yake asubuhi shangazi akafika, dada yake baba, hata viatu hajavua akaanza. "Nyie watoto mna nini? Mnagawa vitu vya mtu anapumua? Uchuro huu! Mnamzika mama yenu mchana kweupe na yeye anawaangalia!" Majirani wakachungulia mlangoni. Simsemi vibaya shangazi, alikuwa anasema wanachoamini wengi, hata mimi moyoni nilikuwa naogopa. Mama yuko kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, akainua mkono wa kushoto akasema, "Wifi. Kaa." Shangazi akakaa, lakini uso kaugeuzia ukutani.

Makochi, friji, tivi, meza ya chakula, vile havikuchukua muda, mama alitikisa kichwa tu, viuzwe, pesa iwe ya safari na kiti cha magurudumu. Tulipofika kwenye sanduku la bati ndo siku ikawa ndefu.

Sanduku lilikuwa na kanga. Doti nzima nzima, hazijakatwa wala kupindwa, zimepangwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, na harufu ya udi imeingia mpaka kwenye bati. Mama aliolewa, akazaa, akalea wakati ule wa mwanzoni mwa miaka ya 80, vita vya Kagera vimeisha na nchi haina kitu dukani, sabuni foleni, sukari foleni, ukipata doti moja ya kanga unaihesabu kama mali. Toka hapo akawa na tabia kila akipata kanga mbili moja anaiweka, na hata biashara ilipofunguka kanga zikajaa sokoni hakuacha. Sisi tulikuwa tunamwambia mama vaa hizi, unamwekea nani? Kumbe kila moja ilikuwa na mtu wake. Alikuwa anaishika na mkono wa kushoto, anasoma jina kimyakimya, halafu anataja. Hii ya fulani, alinilaza mtoto nilipokuwa hospitali. Hii ya mwanae fulani, mama yake alikufa hajamfunda. Iliyoandikwa "Wema hauozi" ikaenda kwa mama muuza samaki ambaye mi nilikuwa simjui kabisa, tukamtuma mtoto akamwite, akaja na mikono inanuka samaki anashangaa kaitiwa nini. Kumbe ndiye alimkuta mama ameanguka uani ile siku ya kiharusi.

Kisutu chake cha ndoa, ile kanga ya bibi harusi, hakumpa mtu. Alikikunja akakiweka mapajani.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, tulimpigia video na simu nikaiegemeza kwenye birika aone. Mtandao unakatika unarudi, kila akirudi anauliza sanduku limefikia wapi, maana alikuwa analitaka lile sanduku kwa muda mrefu, anasema atalipakia kwenye kontena. Mama akamwambia hapana, sanduku linabaki Tanga. Akaagiza iletwe kofia ya baba, ile ya viua iliyoshonwa kwa mkono, akaisogeza kwenye kamera mpaka ikaziba picha yote. "Yako." Kaka yangu ni mtu mzima, ana mvi, nilimsikia sauti ikimkwama, hatukumwona uso kwa sababu kofia ilikuwa imejaa kwenye kioo.

Picha zilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Zile za studio, nyuma kuna pazia limechorwa maua, watu wamesimama wima kama wanapimwa nguo. Hapa nawaomba wenye wazazi wazee, kaeni nao na kalamu. Mama alikuwa anataja jina na mi naandika nyuma ya picha, saa ingine jina linagoma kutoka ulimini basi anaeleza, yule wa Pangani, yule aliyekuwa na ng'ombe, shangazi kule ukutani akawa anajisahau anamalizia jina halafu anakumbuka kwamba amekasirika.

Halafu ikaja ishu ya masufuria.

Mama alikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, yale ya kupikia pilau la watu mia na zaidi, mawili hayo mtoto anaweza kukaa ndani. Yana alama ya rangi nyekundu kwenye kitako, kwa sababu kwenye shughuli vyombo vinachanganyika na kila mwenye chombo anaweka alama yake. Mtaa mzima ulikuwa unaazima. Harusi, hitima, maulidi, msiba, mtu anakuja uani anachukua na mama anaandika kwenye daftari, nani amechukua nini na lini kimerudi. Sasa mdogo wangu bila kutuambia alikuwa ameshamwita kijana wa chuma chakavu na toroli yake na mzani wa kuning'iniza, aluminiamu ina bei nzuri kwa kilo, na kwa kweli nani angekaa na masufuria yale Tabata? Kijana kaingia, kashika sufuria la kwanza, mzani umeshanyanyuliwa.

"Hilo si langu!"

Tuligeuka wote. Toka augue hatukuwahi kumsikia mama akitoa sentensi nzima kwa mara moja, na kwa sauti ile. Akarudia, "Si langu. La mtaa." Kijana wa chuma akalishusha taratibu akasema samahani bibi. Mdogo wangu akajaribu kumwelewesha kwamba mama lakini ulinunua mwenyewe, kwa pesa yako ya kuuza maandazi, mama hata hakumjibu, akaniambia mi nimpelekee daftari. Akaitwa jirani wa mkono wa kulia, ndiye mweka hazina wa mchezo wao wa kupeana pesa kila mwezi, mama akamkabidhi daftari kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwamba anatoa kwa kushoto. Yule mama akalipokea kwa mikono miwili. Wanawake wakaja wakayaviringisha masufuria mpaka uani kwake, yanalia barabarani ngo ngo ngo, watoto nyuma yao.

Shangazi bado kanuna. Ikabaki bahasha moja chini kabisa ya sanduku, ngumu, rangi ya chai. Mama akaniambia mpe wifi yangu.

Ili uelewe ni lazima niseme kidogo kuhusu kwetu. Baba alikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge njia ya Muheza, na baba yake, babu yetu, alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kasulu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893 na ukaja kuwa ndo uti wa Tanga, mpaka 1964 nchi ilikuwa inatoa tani kama 230,000, tulikuwa wa kwanza duniani, kabla mashamba mengi hayajataifishwa 1967 na kamba za nailoni hazijaua bei. Mikono iliyokata ule mkonge ilitoka mbali, Kigoma, Songea, mpaka Burundi na Msumbiji, wengi walikusanywa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya kutafuta vibarua. Kila kibarua alikuwa na kipande, kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo unawekewa alama, usipomaliza hakuna alama, na mshahara unatoka kipande kikijaa.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kipande cha babu. Alama zimefika 19, nafasi zilizobaki tupu. Mama alieleza kwa shida, na mi naeleza kama alivonieleza: babu aliugua homa kali, akalala kambini muda mrefu, alipoinuka akahamia shamba lingine na zile siku 19 hazikulipwa. Kadi hakuitupa. Siku baba anaanza ukarani babu alimpa akamwambia, usimwandikie mtu pungufu. Baba naye kabla hajafa akamwachia mama.

Shangazi hakuwa anajua kama ile kadi ipo. Babu alifariki yeye bado mdogo, picha yake hatuna hata moja, kwenye ile bahasha ya kaki hayumo. Aliishika akaigeuza, akasema macho yangu hayaoni, nisomee. Nikamsomea namba yake, halafu nikamhesabia alama, kidole chake kinafuata kidole changu. Alilia shangazi, alilia kwa sauti, na mama analia kwa lile jicho moja lenye machozi, lile la upande mzima. Baadaye shangazi akaifunga kwenye pindo la kanga mafundo mawili, akajifuta, akasimama. "Haya leteni hivo vyombo vilivobaki, mnangoja nini, jua linazama."

Nani mwingine angejua kwamba kile kikaratasi ni cha shangazi? Tungefanya sisi usiku ule kwa kunong'ona kingeenda na takataka, na kama tungengoja arobaini, mtu wa kusema "hiki cha nani" angekuwa chini ya udongo. Mi siamini tena habari za uchuro kwenye jambo hili, na namshukuru mama kwamba hakutusikiliza.

Tuliondoka kesho yake na Noah ya kukodi, siti za nyuma zimelazwa, mama kwenye godoro, kisutu, Msahafu wake, redio, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo mi nilimwambia mama Dar nina blenda akaniangalia tu. Muheza tukasimama kununua machungwa, Segera akaomba chai. Alikaa na sisi miaka mitatu. Ile mbuzi niliitumia kila Ijumaa, yeye kwenye kiti chake ananiambia usikune mpaka kwenye ngozi, nazi itakuwa nyeusi.

2019 tulimrudisha Tanga kumzika, pembeni ya baba. Kisutu alishaniambia cha nani, cha binti yangu. Tulifika usiku, na asubuhi nikakuta wanawake wa mtaa wameshawasha moto uani, mafiga matatu matatu, masufuria yale mawili juu na mengine yanangoja, na yule mama wa samaki ndo kashika mwiko. Nikainama kuangalia kitako cha moja lililokuwa limefunikwa chini. Rangi nyekundu mbichi kabisa.

Jirani wa mkono wa kulia akaniona. Akaniambia kila mwaka kabla ya Ramadhani wanapaka upya, daftari la kwanza limejaa wameanza la pili. Halafu akanishika bega akasema, "Na wewe mwanangu ukiwa na shughuli yako huko Dar usikodi vyombo vya watu. Tuma gari tu."